Kabla mvua haijafika: habari za bustani zetu za lupangu

Hapa Dzaleka, mwezi wa Oktoba kila mtu anaujua: vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria, bidoni zinapanga mstari kwenye pampu kabla ya jogoo kuwika, na mboga sokoni inapanda bei kila juma. Fungu la lengalenga ambalo mwezi wa pili lilikuwa linatosha nyumba nzima, sasa ni vijani vinane vimefungwa kamba kama maua ya bibi harusi. Basi sisi walimu wa kujitolea tunaosaidia klabu ya bustani tumeona tuandike sasa, wakati mikono bado mitupu. Tukingoja Januari kila mtu atakuwa kwenye matope yake, na karatasi hii itafungia karanga tu.

Wengi wetu tunaofundisha ni vijana. Kuna waliofika hapa mgongoni mwa mama, kuna waliozaliwa hapa hapa. Kilimo cha Kivu tunakijua kwa masimulizi ya wazee, na masimulizi hayo ni matamu lakini yanaweza kukupoteza. Kule kwetu, kuanzia Uvira mpaka Fizi, na juu kule Walungu na Kabare, watu wanalimaga mara mbili kwa mwaka. Msimu wa kwanza unaanza Septemba, wa pili Februari, na mwenye kipande cha bondeni anapanda tena mwezi wa sita wakati mlima umekauka. Mvua ya kule ikiondoka ni kama mtu aliyekwenda dukani, unajua anarudi. Hapa wilaya ya Dowa siyo hivyo. Hapa mvua ni moja. Inaanza Novemba, mara nyingi mwishoni, inakwenda mpaka Machi au Aprili, halafu inafunga mlango miezi sita, wakati mwingine saba.

Njo maana kila mwaka tunaona jambo lile lile. Familia inafika Februari, inakuta ardhi imelowa na kila kitu ni kijani, baba anasema "huu ni msimu wa pili", anapanda maharagwe kama alivyozoea. Aprili mbingu zinafunga, maharagwe ndiyo kwanza yanatoa maua. Majirani wanaanza kunong'ona, eti mkono wake hauna baraka. Siyo baraka, siyo uchawi, ni kalenda. Mgeni akifika kwenye mtaa wako, kabla hujamuuliza alikuwa na ng'ombe wangapi, mwambie habari ya mvua ya hapa.

Wenyeji wa vijiji vinavyotuzunguka wanaijua kiangazi yao. Mvua ikiisha wanashuka dimba, yaani zile bustani za mabondeni ambako maji hayako mbali chini ya udongo, wanapanda mpiru, nyanya na kabichi wakati wa baridi ya Juni na Julai, halafu wanatuletea sokoni. Sisi hatuna dimba. Anayeweza kukodi kipande anakodi. Wengine wote tuna lupangu, na lupangu yenyewe mara nyingi ni upana wa mkeka mbele ya mlango na njia ya maji ya bafu nyuma ya nyumba. Basi tuzungumze juu ya hiyo hiyo.

Tatizo letu kubwa siyo kulima. Tatizo ni kufika Novemba ukiwa bado na kitu cha kupanda.

Chukua mfano wa viazi vitamu. Hakuna chakula kinachotusaidia kama hiki, kwa sababu kinakulisha mara mbili: matembele unachuma wakati wote wa mvua, na viazi vyenyewe unachimba baadaye. Vile vya nyama ya rangi ya machungwa vina vitamini A nyingi, na watoto wanavipenda kuliko vyeupe. Lakini kiazi hakipandwi kwa mbegu, kinapandwa kwa kamba zake, zile wanazoita marando wenzetu wa Tanzania. Na kamba hizo zikikaa miezi sita bila tone la maji zinakufa zote. Mvua inaanza, kila mtu anakimbia huku na huku kutafuta marando, hayapo, mwenye nayo anauza, na mpaka upate umeshapoteza wiki tano za mvua. Kwenye nchi yenye mvua moja, wiki tano ni nyingi.

Kuna koko mmoja wa kutoka Fizi, anakaa upande wa Katubza, ambaye hajawahi kununua marando tangu tumfahamu. Nyuma ya bafu yake kuna shimo la upana wa karai, maji ya kuoga yanaingia humo, na pembeni ya shimo kuna kamba za viazi za kijani mwaka mzima, hata Oktoba hii. Siyo nyingi, labda hatua tatu kwa mbili. Tulipomuuliza siri akatucheka. Akasema: "Mwalimu, mutoto unamulalisha pembeni ya moto, kamba ya kiazi unailalisha pembeni ya maji. Wee ulisoma nini huko shuleni?" Tukaandika kwenye daftari.

Njia ya pili inafaa kwa asiye na maji hata ya bafu, na inatumika sehemu nyingi zenye kiangazi kirefu kama hapa. Ukichimba viazi vyako Mei au Juni, usile vyote. Chagua vile vidogo, vizima, visivyo na tundu la fukusi wala jeraha la jembe. Tafuta karai au ndoo mbovu, weka mchanga mkavu uliopoa, panga viazi bila kugusana, funika na mchanga, panga tena, funika tena. Weka ndani ya nyumba mahali pasipo jua. Kila mwezi vifukue uangalie, kilichooza kitoe. Wiki 6 mpaka 8 kabla ya mvua, vipande kwenye tuta dogo na uanze kuvimwagilia. Kila kiazi kitachipua kamba nyingi, na mvua ikifika unazikata unapanda. Kwa hapa kwetu wakati wa kutoa viazi kwenye mchanga ni katikati au mwisho wa Septemba. Anayesoma leo na anavyo vya kutoa, atoe leo, atachelewa kidogo tu.

Kamba ya kupanda ikatwe urefu wa futi moja hivi, kutoka upande wa ncha, siyo kule kwenye shina la zamani ambako wadudu wamekaa. Zaidi ya nusu ya vifundo viingie chini ya udongo.

Hapa tunataka kuchepuka kidogo, kwa sababu sisi ni walimu na mdomo wa mwalimu haunyamazi. Kwenye darasa letu la jioni tuliwahi kuweka tawi moja la mboga mezani tukauliza jina lake. Mtoto wa Kivu akasema lengalenga. Mtoto wa Burundi naye akasema lengalenga, wakacheka. Mnyarwanda akasema dodo. Mmoja aliyepitia kambi ya Tanzania akasema mchicha. Na mtoto wa kijiji jirani, ambaye anasoma na sisi, akasema bonongwe, na kwa kweli yeye ndiye mwenye nyumba. Ni majani yale yale. Tukaendelea: sombe ni kisamvu, na ni chigwada. Matembele ni kholowa. Majani ya maboga ni nkhwani, na wamama wa hapa wanayapika na unga wa karanga mpaka unalamba vidole. Watoto waliandika safu nne kwenye daftari, na wiki ile ile mama mmoja akaja kutushukuru kwa sababu alikuwa anapitaga sokoni kila siku mbele ya mboga ya kwao bila kujua kuiomba kwa jina.

Lengalenga njo mboga ya mtu mwenye haraka. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, kwa hiyo ichanganye na mchanga au majivu makavu kabla ya kuirusha, usije ukaimwaga yote mahali pamoja. Baada ya wiki 3 au 4 unaanza kukata. Usiing'oe. Kata juu, acha vifundo vichache chini, itachipua pembeni na utakata tena na tena. Na katika kila tuta acha mimea miwili au mitatu mizuri kabisa ambayo hakuna mkono unaigusa, hata wa mgeni. Hiyo ndiyo ya mbegu. Wengi wanaacha ile dhaifu iliyobaki ndiyo itoe mbegu, halafu wanalalamika kwamba mboga ya mwaka huu ina majani madogo. Ikikauka kichwa, kata asubuhi, pigapiga juu ya kitenge, peta, weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Mmea mmoja unatoa mbegu za kutosha mtaa mzima, na hii siyo kusema tu.

Sasa habari ya klabu yenyewe. Wengi wanadhani klabu ni watu wanaogawa vitu vya bure. Hapana. Klabu yetu ni daftari moja na deni.

Mtu akija hana kitu, anapewa: kamba kumi za viazi, au vijiti vitano vya muhogo, au chipukizi moja la mgomba, au kifuniko kimoja cha mbegu ya lengalenga. Halipi pesa. Jina lake la nyumba linaandikwa, na alichopewa, na nani alitoa. Msimu ukiisha anapaswa kutoa mara mbili ya alichopokea, lakini siyo kwa yule aliyempa. Anatoa kwa watu wawili wengine ambao hawana. Aliyempa yeye hatarudishiwa kitu, ila kama siku moja mimea yake ikifa, ana haki ya kuja kuchukua kwa yeyote kwenye daftari. Wazee wa Burundi walituambia kwamba kwao mtu alikuwa anapewaga ng'ombe kwa namna inayofanana kidogo na hii, na heshima yake ilikuwa pale. Watoto wa darasa la sita ndio wanaoshika daftari. Hesabu za kuzidisha tunazifundisha humo humo: kamba 10 zikawa 20, zikawa 40, na mtoto mmoja akauliza ni miaka mingapi mpaka Malawi nzima ijae matembele. Tukampa afanye nyumbani.

Kuna jambo liligawanya klabu na lazima tuliseme wazi, kwa maana tunajua watu wanaliongea kisimani. Mama mmoja alipokea marando, yakamzaa sana, akaanza kuyauza sokoni. Wengine wakasema afutwe, amefanya biashara na kitu cha jamii. Tulikaa chini ya mti karibu jioni nzima. Msimamo wetu sisi walimu ni huu: kama deni lake amelipa kwa nyumba mbili, kinachobaki ni jasho lake. Auze. Pesa ya chakula inayotumwa kila mwezi imepunguzwa mara kadhaa, kila mtu anajua, na yule mama alinunua chumvi, sabuni na madaftari ya watoto, hakununua dhahabu. Kibaya ni kuuza kabla ya kulipa. Na kibaya zaidi ni kuuza kitu kigonjwa.

Hapo kwenye ugonjwa tusimame. Kugawana mimea ni kuzuri, lakini kumbe unaweza kugawa na kifo. Muhogo ndio hasa. Mmeona majani yenye madoa ya njano, yamejikunja, madogo upande mmoja na makubwa upande mwingine? Watu wanasema ni jua, au ni aina yake. Siyo. Ni ugonjwa unaoitwa mozaiki, unabebwa na wale inzi weupe wadogo sana wanaokaa chini ya jani, na unabebwa vilevile na kijiti unachompa jirani kwa roho safi. Kijiti kikitoka kwenye shina lenye ugonjwa, muhogo wote utakaozaliwa utakuwa nao, hata ukiupanda kwenye udongo wa peponi. Kwa hiyo wakati wa kuchagua vijiti siyo wakati wa kuvuna, majani yameshadondoka huoni kitu. Pita shambani mwezi wa pili au wa tatu, wakati majani yamejaa, funga uzi kwenye mashina mazima. Hayo yenye uzi ndiyo utakayokata vijiti. Urefu wa shibiri moja, shina lenye umri wa miezi minane kwenda juu, na mkata wako uwe na makali, usipasue mwisho wa kijiti.

Hatutaki kijiti kisicho na uzi kwenye mkutano wetu. Tumeshawahi kuwarudisha wazee wa kuheshimiwa na mizigo yao, na ilikuwa aibu kwetu, vijana kumwambia mzee kwamba zawadi yake ni mgonjwa. Lakini mzee mmoja baadaye akaja kuuliza uzi tunaufunga sehemu gani.

Sombe ya lupangu, na hili tunawaambia hasa wadada walioanza kupika juzi, itwangwe vizuri na ichemshwe muda mrefu bila kifuniko mwanzoni, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu inayotoka na moto. Bibi zenu walijua hili bila kitabu. Shida ni makala, bei yake inafanya mtu apunguze muda wa jikoni. Ukikosa makala ya kutosha, siku hiyo pika matembele, yanaiva haraka.

Nafasi. Hapa ndipo wengi wanapotuambia "mwalimu, nitalima wapi, juu ya bati?" Wana haki. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, ikapangwa kwa watu wapatao 10,000. Mwaka 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wanaishi Lilongwe na miji mingine warudi kambini, tulikuwa tumeshapita 50,000. Watu walifika na magodoro kichwani, wengine na watoto waliokatishwa shule katikati ya muhula. Hakuna aliyewauliza majirani kama wana nafasi, na majirani wengi walitoa nafasi bila kuulizwa. Kipande ambacho klabu ilikuwa inakitumia kwa kitalu, chenye papai zilizokuwa zimeanza kuzaa na tuta la vitunguu, kilijengwa nyumba ndani ya mwezi mmoja. Hatukugomba. Unamwambia nini mama anayelala nje na mtoto mchanga, kwamba ulikuwa na vitunguu?

Lakini uchungu ulikuwepo. Watoto walilia kwa ajili ya papai.

Kilichotuokoa ni daftari. Kila kilichokuwa kwenye kitalu kilikuwa kimeshatoka kwenda kwenye malupangu ya watu. Tulipiga hesabu siku mbili na watoto, tukaona hakuna mmea hata mmoja uliopotea kabisa isipokuwa aina moja ya bilinganya chungu, ile intoryi ndogo ya kijani ya Warundi, ambayo mtu mmoja tu alikuwa nayo na alikuwa amekula zote. Hiyo tunaitafuta mpaka leo.

Tangu hapo tumeacha kutegemea kitalu kimoja, tunapanda kwenye magunia. Gunia la kilo 50 linatosha. Tafuta bati la maziwa au la mafuta lililotobolewa chini na juu, liweke katikati ya gunia, lijaze kokoto. Pembeni jaza udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyokauka. Vuta bati juu, jaza kokoto tena, udongo tena, mpaka gunia lijae. Katikati patabaki nguzo ya kokoto ambayo maji yanashukia mpaka chini. Toboa matundu pembeni, siyo mengi mno gunia litapasuka, panda lengalenga au mpiru kwenye matundu, na juu panda nyanya mbili au kitunguu. Maji ya kuoshea vyombo yanafaa, ukimwaga juu ya kokoto na siyo juu ya majani. Ya kufulia yenye sabuni kali usimwage. Maji ya pampu ni ya kunywa, tusigombane na watu kwenye mstari kwa ajili ya nyanya. Vidukari vikija, nyunyiza majivu asubuhi na umande, au loweka majani ya mwarobaini yaliyopondwa usiku mzima uchuje.

Gunia lina sifa nyingine ambayo haiandikwi kwenye vitabu: ukihamishwa, unaweza kulisukuma kwa baiskeli.

Mwaka uliofuata, 2024, tulipigwa na ukame wa El Niño. Mvua ilikatika katikati ya msimu, mahindi yakakauka na mabua yake, na Machi ile serikali ilitangaza hali ya janga kwenye wilaya 23 kati ya 28 za nchi hii. Wenyeji waliokuwa wanatuuzia mahindi walikuwa nao wanatafuta ya kununua. Wengi wetu tunaishi kwa ganyu kwenye mashamba yao, na shamba lililokufa halina ganyu. Hatutasema magunia yalitushibisha. Bugali haitoki kwenye gunia la lengalenga. Ila kulikuwa na kitu cha kijani cha kuweka pembeni ya bugali kidogo iliyokuwepo, na mtu anayekula bugali na chumvi peke yake wiki mbili anajua tofauti tunayoisema.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo tulijadiliana kama tuliandike au tuliache. Tumepata ruhusa ya wenyewe, na jina hatutaji.

Kuna familia moja ya klabu yetu, baba, mama, na watoto watano, ambayo ilikuwa imesubiri kwenda Marekani kwa miaka mingi. Mahojiano, hospitali, mahojiano tena. Mwishoni mwa 2024 wakapata habari kwamba safari ni karibu. Mnajua wenyewe watu wanavyofanya: wanauza sufuria, wanauza magodoro, nyumba wanamwachia mtu. Mama yule alikuwa na bustani ambayo sisi tulikuwa tunawapeleka watoto kuiona, mgomba nyuma, magunia manne mbele, na matembele ya machungwa mazuri kuliko ya wote. Hakuuza hata jani. Aliita watu mmoja mmoja kwa siku tatu, akagawa. Huyu gunia, yule chipukizi la mgomba, wale kamba. Kwenye daftari watoto walijaza kurasa mbili na kuandika chini "deni limelipwa".

Januari 2025 Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi. Safari ikafutwa. Wakabaki na mabegi.

Hatujui kueleza wiki zile. Baba alikuwa hatoki ndani. Walipata chumba kimoja kwa ndugu, na mbele ya chumba kulikuwa na hatua nne za udongo mgumu uliokanyagwa. Watu hawakujua waseme nini, wengine wakawa wanapita njia nyingine, siyo kwa ubaya, ni aibu ya kukosa maneno. Aliyeanza ni koko wetu wa Katubza. Alikuja jioni na kamba za viazi zimefungwa kwenye kitambaa kilicholowa, akaketi kwenye kizingiti, akamwambia mama: "Hizi ni za kwako, binti yangu. Zilikuwa zinatembea tu." Akachukua jembe akaanza kuchimba yeye mwenyewe, mzee wa miaka yake, mpaka watoto wakaona haya wakamnyang'anya.

Kesho yake wakaja wengine. Mmoja akaleta gunia lile lile, limeshapasuka upande mmoja. Mwingine akaleta chipukizi la mgomba ambalo lilikuwa mjukuu wa mgomba wa yule mama, kama mgomba unaweza kuwa na wajukuu. Ilikuwa Februari, mvua bado ipo, vikashika. Baba alitoka siku ya nne, kwa sababu mgomba ulipandwa mahali pabaya, penye njia, na hakuweza kuvumilia kuuangalia. Aliung'oa akaupanda upya.

Bado wako hapo. Faili lao hatuna la kusema juu yake, na tunawaomba msiwaulize kila mnapokutana nao. Viazi walichimba Juni.

Baada ya mambo hayo watoto walituuliza swali la hesabu: kama mtu amelipa deni lote halafu amerudishiwa, je, ana deni jipya? Klabu ilijadili. Wengine walisema ndiyo, sheria ni sheria. Mama mwenyewe alisema ndiyo kwa sauti kuliko wote, akakataa kuonewa huruma. Kwa hiyo ameandikwa: kamba 30, gunia 1, mgomba 1. Msimu huu ataanza kulipa.

Tuwape sasa mambo ya mwezi ujao. Mkutano wa kubadilishana mimea utakuwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, asubuhi kabla ya jua kali, chini ya mti ule wa kila siku karibu na madarasa. Asiye na kitu cha kuleta aje vilevile, njo huyo tunayemtafuta. Wenye marando wayafunge kwenye kitambaa chenye maji, na wayakate asubuhi ile ile, siyo juzi yake. Vijiti vya muhogo, tumeshasema, vyenye uzi tu. Mbegu za lengalenga, maboga na papai zije kwenye karatasi zimeandikwa jina na mwezi wa kuvunwa. Mbegu zisizo na jina mwaka uliopita zilitupa bamia mahali tulipotaka mlenda, na ugomvi wa mpishi na mume wake tuliusikia mpaka shuleni. Anayetaka kupanda mahindi pembeni ya nyumba aje tumwonyeshe namna ya kumtafuta kiwavijeshi ndani ya moyo wa mmea, kwa kuwa tangu alipoingia nchini msimu wa 2016 kwenda 2017 hajaondoka, na kwenye lupangu ndogo vidole vyako vinatosha kumkamata ukipita kila siku asubuhi.

Magunia matupu tunayahitaji, hata yenye tundu. Samadi ya mbuzi pia. Wenye mbuzi msiuze yote. Na kama kuna mtu yeyote, upande wowote wa kambi, aliye na intoryi ile ndogo ya kijani, hata tunda moja lililokauka limesahauliwa juu ya kabati, tafadhali asilitupe na asilile. Alilete Jumamosi. Atapewa kiti.